Shangazi, Nimepunguza Sauti Nikaumbuka

Shangazi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, na hilo ndilo linalonisumbua, maana wewe mtu akikupita bila shikamoo ulikuwa unamwita arudi kutoka njia panda. Leo mimi nimeitoa na sina pa kuiweka. Naiacha hapa juu ya karatasi. Ukipata nafasi itikia taratibu, usije ukaniua kwa mshtuko. Ingawa nikikumbuka vizuri, hujawahi kuitikia kitu taratibu.

Ni mimi Rehema, mtoto wa kaka yako Athumani. Nimekaa kwenye kiti chako cha plastiki, kile cha mguu uliofungwa waya. Baba amesema niandike na mambo ambayo unayajua mwenyewe, kwa sababu barua hii ataiweka kwenye sanduku lake, ili wale wajukuu waliokuwa hawajitambui siku tulipokuzika waje wakujue. Kwa hiyo usiseme kama ulivyozoea, "Unanihadithia mimi hadithi yangu?" Wavumilie watoto.

Basi wajue kwamba Shangazi Hadija hakuanza na muziki. Alianza na dagaa. Mama Zawadi, muuza dagaa wa sokoni Kilosa, alikuwa amekauka koo kwa kuita wateja, shangazi akamrekodia tangazo kwa simu, akalipeleka kwenye spika ya pembe, likawa linazunguka lenyewe asubuhi hadi jioni: "Dagaa haooo, hawana mchanga!" Wiki iliyofuata muuza mitumba naye akataka. Akaja muuza dawa ya kupe. Hilo la dawa ya kupe ndilo lililokupa jina, maana mfugaji mmoja alilisikia akiwa ng'ambo ya Mto Mkondoa, akavuka kuja kununua, akaja na ng'ombe wake wote sokoni. Watu wakapanda juu ya meza za nyanya. Wewe ukasimama katikati ya ng'ombe ukasema, "Mmeona? Hii ndiyo sauti!"

Kutoka hapo ukanunua kompyuta iliyotumika, maiki moja, ukapigilia maboksi ya mayai kwenye kuta za chumba cha nyuma hapa Mabwerebwere, ukaanza kurekodi kaswida, kwaya, na vijana waliokuja na biti walizopakua mtandaoni. Sikio la kushoto lilikuwa limeshakufa zamani, kwa ile miaka kumi uliyokaa kwenye mashine ya kusaga ya marehemu mume wako. La kulia lilikuwa linachagua cha kusikia. Ukiambiwa chakula tayari, linasikia. Ukiambiwa punguza, halisikii.

Kwa hiyo ulipima sauti kwa namna yako. Uliweka kikombe cha chai juu ya spika. Chai isipotetemeka, wimbo haujaiva. Mimi nilipokuja na vyeti vyangu viwili vya kompyuta na kiburi cha vyeti vitano, siku ya kwanza nilikuonyesha kwenye kioo kwamba taa za sauti zimekuwa nyekundu na maana yake sauti inapasuka. Ukaniangalia kwa huruma.

"Nyekundu ndiyo imeiva," ukasema. "Nyanya ya kijani nani ananunua?"

Miaka sita tulibishana jambo hilo hilo. Mimi nilitaka wimbo uwe na chini na juu, uanze kama mtu anayenong'ona kisha uinuke, ili ukifika kwenye kiitikio msikilizaji ajue amefika. Wewe ulitaka uanze juu, uende juu, uishie juu. Nikasema, "Shangazi, muziki unahitaji kupumua." Ukasema, "Kwani umepanda mlima?" Nikasema watu watachoka masikio. Ukasema, "Rehema, watu hawasikilizi. Watu wanapita. Mtu anayepita lazima umshike kola."

Naomba niseme na lile la mwisho, maana nikilipita nitakuwa nimeandika barua ya uongo.

Ulikuwa unamalizia albamu ya kwaya ya Mwalimu Elisha wa Mikumi, na hasa ule wimbo wao wa mafuriko, unaoanza na Mama Eliza peke yake, kabla kwaya nzima haijaingia na ngoma. Ulipotoka kwenda kuswali adhuhuri, mimi nikashusha wimbo kimya kimya. Kidogo tu. Uliporudi ukawasha, ukakaa, ukatazama kikombe. Ukakitazama tena.

"Nani amelaza chai yangu?"

Nikajua nimekamatwa, na badala ya kuomba radhi nikapandisha hasira. Nikasema mbele ya wateja wawili, "Shangazi, wewe husikii! Kiziwi anapimaje sauti?"

Hukunifokea. Ningependa ungenifokea. Uliurudisha wimbo pale ulipokuwa, ukasema, "Nikifa ndiyo utapunguza." Halafu ukanimiminia chai. Tukanywa. Wiki mbili baadaye presha ikapanda, na hukushuka nayo.

Msiba wako, shangazi, ulikuwa aibu tupu kwa upande wa sauti. Baba aliazima spika msikitini, na aliyeifunga aliiweka chini sana kwa heshima. Muda wa mazishi ukatangazwa, waliokaa mbele wakasikia saa saba, waliokaa nyuma wakasikia saa tisa. Tumekuzika na nusu ya watu wako. Nusu nyingine wakaja saa tisa, wamevaa vizuri, wakakuta tunakunja mikeka. Mama Zawadi akasimama pale uani akalia, "Leo ndiyo nimeamini Hadija amekufa! Hakuna anayesikika!"

Tulicheka, tusamehe. Hata baba alicheka, huku machozi yanamtoka.

Baada ya arobaini akaja Mwalimu Elisha. Unamjua alivyo, mrefu, mpole, anaongea kama anaomba kibali. Alitoa pole, akala wali, akamaliza, ndipo akasema uzinduzi wa albamu umebaki wiki tatu, maturubai yameshakodiwa, mgeni rasmi ameshakubali, na kwaya wanaomba nimalizie kazi. Nikasema nitamalizia. Moyoni nikasema kitu kingine, nakiri: nikasema sasa wataujua muziki.

Nikafungua kompyuta. Nikakuta faili lako linaitwa KWAYA KALI. Ndani yake kuna KWAYA KALI ZAIDI. Ndani yake kuna KWAYA KALI ZAIDI YA MWISHO, na pembeni yake YA MWISHO KWELI. Nikaingia kwenye ya mwisho kweli. Shangazi! Ulikuwa umepika kila kitu. Sauti ya Mama Eliza imepikwa. Soprano wamepikwa. Ngoma imepikwa, kinanda kimepikwa. Kila sauti ulikuwa umeshaibana na kompresa, ile programu inayobana sauti kubwa ili uweze kuinua zote pamoja, ukaimwagia mwangwi, ukaipandisha mpaka juu ya dari, kisha ukaihifadhi hivyo hivyo. Zile sauti mbichi, kama zilivyotoka midomoni mwa watu, ulizifuta. Na nikajua kwa nini ulizifuta, kwa sababu mahali pake nilikuta video za harusi ya binamu Mwanaisha, sehemu ya kwanza mpaka ya kumi na nne.

Nilitazama mistari ya sauti kwenye kioo. Kwa kawaida inakuwa kama milima, kuna kilele na kuna bonde. Ya kwako ilikuwa matofali. Nilitafuta bonde sikuona hata tundu la kupitisha sisimizi. Nikajaribu kushusha; ukilishusha tofali unapata tofali dogo. Nikajaribu programu za kurudisha uhai, Mama Eliza akawa anasikika kama anaimbia ndani ya ndoo. Siku tatu nilihangaika. Ugali ukishasongwa hakuna fundi duniani wa kuurudisha kuwa unga.

Lakini kuna kitu nilikikuta humo. Kompresa yako, ilipobana vile vikubwa, iliinua na vidogo vyote ambavyo hukuvikusudia. Katika kituo kati ya ubeti wa kwanza na wa pili, pale ambapo kwaya wanavuta pumzi, nikasikia honi ya treni. Nikasikia jogoo wa jirani. Halafu nikasikia mtu anatafuna muwa. Anatafuna kwa raha kabisa, anafyonza, anatema makapi, kisha anasema, "Haya, tena, na msinionee aibu."

Nilizima. Nikatoka nje nikasimama karibu na tangi la maji mpaka mke wa jirani akaniuliza kama nimeng'atwa na nge. Nikasema ndiyo. Akaniletea kitunguu nipake. Nikapaka, ningefanyaje?

Kwaya nzima nisingeweza kuirekodi upya, wengine walikuwa shamba, wengine wamehama. Nikaamua nimrekodi Mama Eliza tu, ule mwanzo wa peke yake, upate ubichi wake, halafu niuunganishe na kwaya yako iliyopikwa. Nikafunga kompyuta kwenye khanga, nikachukua maiki, nikapanda gari la asubuhi kwenda Mikumi. Tulipokaribia kijiji cha Ulaya, konda akatangaza, "Wa Ulaya wajiandae," na mzungu mmoja aliyekuwa anaenda mbugani akashtuka, akatazama dirishani. Nilikukumbuka. Wewe ulikuwa unasema kila mtu wa Kilosa amefika Ulaya, ila hajakaa.

Mama Eliza anauza chai na vitumbua kwa madereva wa malori, barabarani pale. Nyumba yake iko upande wa mwisho, ukitoka hapo ni nyasi na wanyama. Tukasimamisha magodoro matatu tukatengeneza kibanda. Tukasubiri malori yapungue. Kila tukianza, lori linafunga breki. Kila likimaliza lori, anaanza mbuzi. Nikaivua maiki sponji lake nilipanguse vumbi, nikaliweka dirishani kidogo tu, mkono wa nyani ukaingia ukalichukua. Nikatoka mbio. Yuko juu ya bati, amekaa kitako kama mwenye nyumba, analing'ata.

"Muache," Mama Eliza akasema. "Ataona halina chumvi, atalitupa."

Akalitupa kweli, kwenye kisima.

Tukaimba bila sponji, nikaifunga maiki kwa soksi yangu. Na Mama Eliza akaimba. Shangazi, ukiwa karibu naye unasikia anavyomeza mate kabla ya neno, unasikia anavyoogopa maji ya mafuriko kabla hajayataja. Alipomaliza nikamwambia, hivi ndivyo nilivyotaka siku zote, ila shangazi alikuwa hausikii utamu huu, alikuwa anataka makelele tu.

Mama Eliza alikuwa anakunja godoro. Akasimama.

"Hadija?" akasema. "Ile siku tulipomaliza kurekodi kwenu, wenzangu walipotoka, alinizuia. Akaniambia niimbe tena, yeye peke yake asikilize. Akavuta kigoda, akaniwekea sikio la kulia hapa," akaonyesha kifuani, "kama mkunga anayesikiliza tumbo. Nikaimba polepole hivi hivi. Akasema, 'Sasa nimekupata.' Halafu akaniambia, 'Usiogope, huko nje nitakufikisha.'"

Niliitikia tu, "Ahaa." Nilikuwa na haraka ya gari. Neno lile liligonga lakini halikuingia. Kiburi kilikuwa kimekaa mlangoni.

Nikarudi Kilosa nikachanganya wimbo kwa hedifoni. Nikaanza na Mama Eliza chini kabisa, laini, kisha kwaya ikaingia juu na ngoma, tofauti ya chini na juu kama kisima na mnara. Niliusikiliza mara tatu mfululizo. Nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Umeona, shangazi?" Nilijiona nimeshinda kesi ya miaka sita dhidi ya mtu ambaye hawezi kukata rufaa.

Sasa uzinduzi.

Ilikuwa Jumamosi mchana, Mikumi, chini ya maturubai, upepo unayapiga pa-pa-pa. Jenereta linanguruma nyuma ya keki. Malori barabarani. Watoto, kuku, akina mama wa vitenge vya sare. Mgeni rasmi ni mzee mmoja muuza mabati, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linaogopesha. Mshereheshaji ametoka Morogoro, anajiita Kishindo. Mwenye spika ni Mzee Pius, mtu wa makamo, makini, amevaa miwani miwili, mmoja juu ya kichwa.

Kishindo akasema, "Mabibi na mabwana, sasa tunausikia wimbo wenyewe, mbichi kutoka jikoni! Fundi, achia!"

Mzee Pius akaachia. Wimbo wangu ukaanza.

Hakuna aliyesikia kitu. Mama Eliza wangu laini, mwenye mate na pumzi na hofu ya maji, alipotea kwenye upepo wa turubai kabla hajafika safu ya pili. Watu wakasubiri. Mgeni rasmi akatabasamu tabasamu la kusubiri. Mwanamke mmoja nyuma akaita, "Sauti!" Wengine wakaitikia, "Sautiii!"

"Fundi, wimbo umekata?" Kishindo akauliza.

Mzee Pius akaangalia mashine yake, akabadilisha miwani, akapandisha. Bado. Akapandisha tena. Nikaelewa kinachokuja. Nikainuka kwenye kiti changu kule mbele nikaanza kumpungia kwa mikono miwili, viganja chini, kumwambia shusha, shusha! Lakini ukipunga viganja kwenda chini ni lazima uviinue kwanza, na yeye alikuwa anaona upande wa kuinua tu. Akadhani nasema ongeza. Akanionyesha dole gumba. Akasukuma kila kitu mpaka mwisho.

Basi kwaya ikaingia. Watu arobaini na ngoma, waliopikwa na wewe, matofali yako yote, kwenye spika zilizofunguliwa mpaka mwisho.

Shangazi, sijui nianzie wapi. Safu ya mbele yote ilirudi nyuma kwa pamoja na viti vyao. Mgeni rasmi alikuwa ananyanyua soda ya chungwa, soda ikabaki hewani, ikashukia kwenye shati. Kishindo, na jina lake lote, akaangusha maiki akainama chini ya meza ya keki. Kuku walikimbilia mbugani, na sina uhakika kama wamerudi. Bibi mmoja mzee sana alisimama akainua mikono, uso unang'aa, akasema, "Bwana amekuja! Nipo tayari!" Na mtoto mchanga aliyekuwa analia tangu asubuhi akanyamaza kabisa, akaanza kuangalia huku na huku kwa heshima.

Halafu spika ya kulia ikasema puuu, ikatoa moshi, na kukawa kimya. Palinuka kama redio iliyoanguka kwenye chapati.

Mimi nilikuwa nimeshika turubai. Kila mtu ananiangalia. Yule bibi akakaa chini taratibu, amehuzunika, akauliza, "Kumbe bado?"

Mwalimu Elisha aliinuka. Alikwenda kwa Mzee Pius, akamwomba arudishe sauti ilipokuwa mwanzo, akachomeka simu yake kwenye ile spika moja iliyobaki. Kwenye simu yake alikuwa na miksi yako, ile uliyomtumia ili aonje. YA MWISHO KWELI. Akaiachia.

Mama Eliza akatoka kwenye spika moja akiwa mzima. Juu, mnene, amebanwa, hana bonde wala mlima, na kila neno linafika. Mzee Pius hakugusa kitu tena; hakukuwa na cha kugusa. Kwaya ikaingia, haikumrusha mtu kwenye kiti. Safu ya nyuma wakaanza kutikisa mabega. Akina mama wakainuka. Mgeni rasmi naye akaingia, shati la chungwa, anacheza kwa goti moja. Wakacheza, shangazi! Dereva mmoja wa lori alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara anakagua tairi, akavuka, akaja akasimama ukingoni mwa turubai na spana mkononi, na ubeti wa pili ulipofika alikuwa ameshashika maneno, anaimba. Wangu haukufika safu ya pili. Wako ulivuka barabara kuu.

Halafu kikafika kile kituo cha katikati, na watu mia mbili wa Mikumi wakakusikia unatafuna muwa. Hakuna aliyejua ni nini isipokuwa mimi. Mama mmoja akasema ngoma za siku hizi zina mambo.

Nilikaa kwenye kreti la soda tupu nyuma ya jenereta. Mama Eliza akaja na sahani ya pilau akakaa kwenye kreti la pili. Sikumwangalia.

"Ule wa kwako ni mzuri," akasema. "Usifikiri si mzuri. Ila umeuchanganya kwa mtu aliyekaa karibu. Hapa nani amekaa karibu?"

Ndipo lile lako la "nitakufikisha" likaingia. Lilichukua wiki mbili kutoka mlangoni hadi sebuleni. Wewe hukuwa umeshindwa kuusikia utamu ule. Uliuwekea sikio lako moja lililobaki, ukaujua, halafu ukauvalisha viatu vizito kwa sababu unajua njia anayopita. Mimi niliyesikia kwa masikio mawili na hedifoni, nilimtoa mama wa watu peku kwenye lami.

Lakini na wewe ulizidisha, tusidanganyane kwa kuwa umekufa. Wimbo wa tatu wa albamu ile unauma meno. Baba aliusikiliza mara moja, akaomba ruhusa akatoka.

Niliporudi nilimwomba Mwalimu Elisha siku chache. Akasema, "Fanya kati kwa kati, mwanangu, tusimuaibishe marehemu na tusiue spika." Nikamchukua Mama Eliza wa maiki ya soksi nikaanza kumwinua kwa mkono, neno kwa neno, bila mashine. Neno likizama nalinyanyua. Likiruka nalishusha. Siku nne kwa wimbo mmoja. Kwaya yako siwezi kuipikua, nikaishusha kidogo ili wanapoingia ionekane wameingia, lakini wasimwangushe mgeni rasmi. Kisha nikafanya ulichokuwa unafanya, ambacho nilikuwa nakicheka: nikautembeza. Nikaupeleka kwa Mama Zawadi, ukapigwa katikati ya dagaa na makelele ya soko. Nikampa bodaboda mmoja wa stesheni, mwenye redio chini ya kiti, nikapanda nyuma yake mpaka kwenye tuta la mto, nikasikiliza kwenye upepo. Nikaupeleka jikoni kwa mama kwenye kisimu chake chenye spika iliyopasuka. Kila mahali nilirudi na kasoro, nikakaa, nikainua, nikashusha.

Na ule wa kwangu laini sikuutupa. Mama Eliza aliuomba mwenyewe. Anaupiga alfajiri anapokoroga unga wa vitumbua, kabla malori hayajaamka. Anasema unamtosha jiko lake.

Albamu imetoka. Mzee Pius amekubali kutusamehe. Kishindo ananisalimia kwa mbali. Kazi zinakuja, kesho nina kaswida ya watoto wa madrasa, na keshokutwa kijana mmoja na biti yake ya mtandaoni, imeshapikwa mpaka imeungua, na yeye anataka sauti yake iwe juu ya hiyo. Nitamwambia ukweli, kisha nitamtengenezea nafasi ya kupita.

Nisamehe kwa lile neno nililokuita mbele ya wateja. Nilitaka kuandika kwamba sikumaanisha. Nilimaanisha, ndiyo maana naomba msamaha. Lingekuwa limeniponyoka tu nisingekuwa nalibeba miezi minane. Mungu akupanulie kaburi lako, akupe nuru, na akurudishie sikio la kushoto likiwa jipya. Ijumaa nitakuja na baba tupalilie kabla mvua hazijachanganya, na nitakusomea Yasini mimi mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, maana pale tutakuwa karibu.

Ninakuahidi jambo moja, na hili nimeliandika pia ukutani juu ya maboksi ya mayai. Mtu akiingia humu akaniambia "ongeza", sitambishia wala sitamtolea vyeti. Nitamuuliza kwanza anasikilizia wapi.

Pumzika, shangazi yangu.

Mwanao,
Rehema